Namna ya kumpima lainibaka wa chuo kabla ya drafti ya NFL

Drafti ni siku tatu ambazo timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, huwaita kwa zamu wachezaji wa vyuo; ya mwaka 2012 iliita majina 253. Luke Kuechly wa Boston College aliitwa wa 9, akaenda Carolina Panthers. Bobby Wagner wa Utah State, ambaye nimonia ilimkosesha vipimo vya mwili vya Indianapolis, alisubiri mpaka wa 47 ndipo Seattle Seahawks wakamwita. Vontaze Burfict wa Arizona State alikaa siku zote tatu asisikie jina lake. Alikuwa amekimbia yadi 40 kwa sekunde 5.09, mwendo wa mtu anayewahi daladala huku amebeba sufuria ya mchuzi, na Cincinnati Bengals walimchukua baadaye kama mchezaji huru. Sasa tazama kilichofuata. Mwaka uleule Kuechly aliongoza NFL nzima kwa kuangusha watu, mara 164. Mwaka 2013 akaongoza Burfict, mara 171. Mwaka 2016 akaongoza Wagner, mara 167.

Watu watatu wa kazi moja, drafti moja, bei tatu zisizokaribiana. Na waliowapa bei hizo si watoto. Ni timu zenye wasaka vipaji wa kulipwa, madaktari na watu wa takwimu. Ndiyo maana nafasi hii naipenda kuliko zote. Sehemu kubwa ya jibu lake iko katika sekunde moja ya kwanza baada ya mpira kuanza, na sekunde hiyo hata wewe uliyeko Mwanza au Minneapolis unaweza kuiona kwenye video ya kawaida, mradi ujue pa kutazama. Haya ndiyo ninayoyafanya kila mwaka kuanzia Septemba hadi Aprili, nikiwa na kauntabuku ya kwaya mbili, kalamu ya rangi mbili na chai.

Hatua ya 1: Jua unapima kazi gani

Kwa aliyezoea mpira wetu wa miguu, lainibaka ni kiungo mkabaji, namba sita. Mbele yake kuna ukuta wa ulinzi unaopigana mieleka na ukuta wa timu yenye mpira. Nyuma yake kuna mabeki wanaokaba wapokeaji. Yeye anasimama yadi nne au tano nyuma ya ukuta wake, anasoma, kisha anaamua: nizibe pengo, nirudi nyuma kukaba pasi, au nikimbilie pembeni. Akikosea, hakuna wa kumfichia aibu, kwa sababu yuko katikati kabisa ya uwanja.

Taabu ni kwamba jina hilohilo hupewa watu wa kazi nyingine. Yupo anayeitwa lainibaka wa nje, anayejipanga ukingoni mwa ukuta na ambaye riziki yake ni kumkimbiza kwotabeki, yule mtupa pasi. T.J. Watt wa Pittsburgh Steelers ni wa aina hiyo. Huyo anapimwa kwa mizani nyingine na simzungumzii hapa, ila uwe macho na wanaovuka mpaka. Micah Parsons alicheza katikati pale Penn State, akaitwa wa 12 mwaka 2021, na Dallas Cowboys wakamfanya mkimbiza kwotabeki. Zack Baun alikwenda njia ya kinyume. Wisconsin alikuwa mtu wa ukingoni, New Orleans Saints wakamwita raundi ya tatu mwaka 2020, akakaa misimu minne bila kazi inayoeleweka. Mwaka 2024 Philadelphia Eagles walimweka katikati; msimu huohuo akaingia kikosi bora cha ligi, na kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2025 akainasa pasi ya Patrick Mahomes.

Kwa hiyo juu ya ukurasa wa kila mchezaji andika mistari miwili: chuoni alicheza wapi, na NFL unadhani atacheza wapi. Mistari hiyo ikipishana, usiogope, lakini eleza kwa nini.

Kumbuka pia kwamba zamani timu ilikuwa na malainibaka watatu uwanjani karibu muda wote. Siku hizi, kwa kuwa wapinzani hutupa pasi mno, mara nyingi mmoja hutolewa na kuingizwa beki wa tano. Wanabaki wawili, na wote wawili lazima waweze kukaba. Lile jibaba la kuziba mapengo tu, linaloingia dauni ya kwanza (dauni ni moja ya nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10) na kutoka ya tatu, soko lake limeshuka sana.

Hatua ya 2: Tafuta mechi nzima

Hailaiti ni kama picha ya kutafutia mchumba: hakuna aliyeipiga akiwa na malaria. Itakuonyesha mara kumi alizompindua kwotabeki na itaficha mara arobaini alizokimbilia upande usiofaa. Tafuta mechi nzima. Nne zinatosha kuanzia, na namna ya kuzichagua ina maana kuliko idadi yake. Nataka moja dhidi ya ukuta bora kabisa aliokutana nao, moja dhidi ya timu inayopenda kukimbia na mpira, moja dhidi ya timu ya pasi za harakaharaka, na moja ambayo timu yake ilipigwa vibaya. Hiyo ya mwisho usiiruke. Ukitazama robo ya nne, timu ikiwa nyuma pointi 24, ndipo utajua nani bado anakimbia kuufuata mpira na nani anatembea.

Habari njema ni kwamba kamera ya televisheni haimfichi lainibaka. Beki wa nyuma kabisa hutoka nje ya picha, kwa hiyo kumpima bila ile video ya makocha inayoonyesha wachezaji wote 22 ni kubahatisha, na video hizo za vyuo si rahisi kuzipata ukiwa mtazamaji wa kawaida. Lainibaka wewe unamwona tangu kabla ya snapu, yaani mpira kuanza. Mechi za vyuo zinazoanza saa sita mchana kule mashariki mwa Marekani, kwetu ni saa moja jioni Jumamosi, na baada ya wao kurudisha saa nyuma mwezi Novemba ni saa mbili usiku. Usijaribu kuandika ripoti ukitazama moja kwa moja. Tazama ufurahi, kisha rudia keshoye ukiwa na uwezo wa kusimamisha na kupunguza mwendo.

Snapu 60 au 70 kwa mechi moja zitakuchukua saa mbili na nusu ukifanya kwa uangalifu. Ndiyo, inachosha.

Hatua ya 3: Mtazame yeye, usitazame mpira

Hapa ndipo ninapotumia nusu ya muda wangu wote. Weka kidole kwenye kioo ikibidi. Macho yakikimbilia mpira, rudisha video nyuma.

Chukua mfano wa snapu moja ambayo utaiona katika karibu kila mechi ya chuo. Dauni ya pili, zimebaki yadi 6. Lainibaka wetu amesimama mkabala na gadi, yule mzuiaji aliye pembeni mwa senta, anayeanzisha mpira. Mpira unaanza. Mbeba mpira aliye nyuma ya kwotabeki anapiga hatua moja kwenda kushoto kwa lainibaka. Kila kitu kinaonekana kinakwenda kushoto. Lakini gadi wa upande huo hasukumi mtu; anachomoka, anapita nyuma ya wenzake na kukimbilia kulia. Mbeba mpira anakanyaga breki, anamfuata gadi, mpira unatokea kulia.

Lainibaka wa kwanza alimtazama mbeba mpira. Akapiga hatua mbili kushoto, akagundua kosa, akageuka, na kwa kuwa ana mbio akamkamata mbeba mpira baada ya yadi 9. Mtangazaji akamsifu kwa kasi yake, na kwenye takwimu akaandikiwa moja. Lainibaka wa pili alimtazama gadi. Mbeba mpira anaweza kudanganya kwa bega, lakini gadi wa kilo 140 hana anasa hiyo. Akichomoka, mara nyingi anakwenda mpira unakokwenda. Huyu wa pili hakupiga hata hatua moja ya bure. Alifika pengoni kabla ya gadi, akamkuta mbeba mpira kwenye yadi 1. Anaweza kuwa mzito kuliko yule wa kwanza, na kwenye video huwezi kulijua hilo, maana hakuhitaji kukimbia.

Ndiyo siri ya Burfict na sekunde zake 5.09.

Kwenye daftari naweka alama tatu tu kwa kila snapu: alama ya vema kama hatua mbili za kwanza zilikuwa sahihi, mkasi kama zilikuwa za makosa, na duara kama alisimama tu akisubiri. Wanaoanza kazi hii huyahofia sana makosa na kuyasamehe maduara. Mimi ni kinyume. Mwenye mikasi mingi anafundishika, maana angalau anaamua. Mwenye maduara mengi anasubiri aone mpira kwanza, na NFL ukisubiri kuuona mpira umeshachelewa.

Onyo moja: makocha wanajua kwamba malainibaka husoma magadi. Kwa hiyo zipo pasi za danganyo ambapo gadi huchomoka makusudi, mkono wa kwotabeki unatoa mpira wa uongo, na mpokeaji anaupokea mgongoni mwa lainibaka aliyekula chambo. Mtu asihukumiwe kwa mara moja. Angalia kama analiwa tena katika robo inayofuata kwa chambo kilekile.

Hatua ya 4: Tenga makosa ya mchezaji na makosa ya mazingira

Sheria za vyuo si sheria za NFL, na tofauti mbili zinamgusa lainibaka moja kwa moja.

Ya kwanza ni ile pleyi ambayo kwotabeki anaamua baada ya snapu kama atampa mbeba mpira au atatupa pasi fupi, na anayemsoma ni lainibaka huyuhuyu. Akisogea mbele, pasi inapita mgongoni mwake. Akirudi nyuma, wanakimbia na mpira. Chuoni wazuiaji wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele hata kama mpira utatupwa. NFL ni yadi 1. Yaani chuoni ukuta wote unaweza kuonekana kama unakwenda kuzuia kwa mbio, na bado ikawa pasi halali. Lainibaka anayeonekana mjinga pale pengine alikuwa akifuata agizo la kocha. Mwandikie alama ya kuuliza, si mkasi.

Ya pili wengi hawaioni kabisa. Mipira huanzia kati ya safu mbili za vimstari zinazokwenda urefu wa uwanja. Chuoni safu hizo zimetengana futi 40. NFL ni futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo chuoni mpira huanzia pembeni mara kwa mara: upande mmoja una uwanja mpana kama shamba, mwingine umebanwa na mstari wa nje. Lainibaka anayechezeshwa upande mwembamba kila siku anasaidiwa na mstari bila jasho, na udhaifu wake wa kukimbilia pembeni unafichika. Aliyewekwa upande mpana anaonyesha miguu yake yote. Andika upande. Ukishaanza kuandika utashangaa ni wangapi hawakuwahi kukimbia umbali mrefu msimu mzima.

Hatua ya 5: Mikono, na namna anavyoangusha

Mzuiaji akimfikia, anafanya nini? Wapo wanaozunguka kumkwepa, jambo linalopendeza machoni lakini linaacha pengo wazi nyuma yao. Wapo wanaogongana kifua kwa kifua na kukwama hapo kama gari kwenye tope. Anayetakiwa hutanguliza mikono, hunyoosha viwiko, humsukuma mzuiaji na kumwacha, huku macho yakiwa yameshamwona mbeba mpira. Urefu wa mikono husaidia, ila mbinu husaidia zaidi.

Manti Te'o ni funzo langu hapa. Mwaka 2012 akiwa Notre Dame alinasa pasi 7 na akashika nafasi ya pili katika tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, jambo adimu mno kwa mtu wa ulinzi. Januari 2013 wakakutana na Alabama kwenye fainali ya taifa, wakachapwa 42 kwa 14, na mbele ya ukuta ule Te'o akaonekana mtu wa kawaida, akikosa watu aliokuwa amewazoea kuwaangusha. San Diego Chargers walimwita wa 38. Akacheza miaka kadhaa ya heshima bila kuwa nyota. Mechi ile moja haikusema kila kitu, lakini ilisema kweli kuliko mechi tano dhidi ya timu dhaifu.

Kuhusu idadi ya watu walioangushwa: itumie kama chumvi. Aliyemwangusha mtu baada ya yadi 1 na aliyemwangusha baada ya yadi 9 wanaandikiwa sawa. Kuechly alimaliza msimu wa 2011 akiwa na 191, na idadi ile ilikuwa na maana kwa sababu video ilionyesha amezipatia wapi. Mimi huongeza safu yangu mwenyewe: mpinzani alisogea yadi ngapi kabla ya kuanguka. Halafu naweka nyingine kwa waliomponyoka, na sababu yake. Kuponyokwa kwa kuingia kichwakichwa bila kukumbatia kunarekebishika. Kuponyokwa kwa sababu mbeba mpira alimpiga chenga akabaki amepachika miguu chini, hiyo ni nyonga, na nyonga haibadiliki sana.

Hatua ya 6: Dauni ya tatu, yadi 8

Anza na swali rahisi kuliko yote: yupo uwanjani? Dauni ya tatu ikiwa na yadi nyingi, kila mtu anajua ni pasi. Kama kocha wake wa chuo, anayemwona mazoezini kila siku, anamtoa nje wakati huo, ameshakuandikia ripoti bure.

Akiwa uwanjani, tazama mambo haya. Katika ulinzi wa eneo, anarudi nyuma kina gani, na akirudi anatazama nini? Wabovu hukazia macho kwotabeki tu, na mpokeaji anapita nyuma ya masikio yao. Wengine hugeuka kumfuata mpokeaji na kusahau kwamba kuna mpira. Anayejua hutazama mara moja pembeni, anamhisi mpokeaji alipo, kisha anarudisha macho kwa kwotabeki huku miguu ikiendelea kwenda mahali pa hatari. Fred Warner wa San Francisco 49ers ndiye kielelezo changu. Pale chuo cha BYU alichezeshwa pembeni kiasi kwamba nusu ya kazi yake ilikuwa kukaba wapokeaji wa ndani, na wengi hawakujua wamweke fungu gani. Akaitwa wa 70 mwaka 2018. Yale waliyoyaona kama utata ndiyo yaliyomfanya awe bora, kwa sababu alifika NFL akiwa ameshajifunza kukaba. Kuziba mapengo ya katikati alifundishwa baadaye.

Katika ulinzi wa mtu kwa mtu mpe mtihani wa taitiendi mkubwa (yule anayezuia na pia kupokea pasi) na mtihani wa mbeba mpira mwepesi anayetokea nyuma. Mwishoni mwa Januari, au mapema Februari, wachezaji wa mwaka wa mwisho hualikwa Senior Bowl, mechi ya maonyesho mjini Mobile, Alabama, na mazoezi yake hurushwa. Lipo zoezi la lainibaka mmoja dhidi ya mbeba mpira mmoja uwanja ukiwa mtupu. Zoezi hilo humwonea mlinzi, kwa hiyo usihesabu nani alishinda. Tazama kama anaweza kugeuka bila kujikwaa, na kama baada ya kupigwa chenga anarudi mstari wa mbele kuomba zamu nyingine au anajificha nyuma ya wenzake.

Blitzi, yaani lainibaka kumvamia kwotabeki, siipotezei muda. Kama ana muda mzuri wa kuondoka na hafichui nia mapema, inatosha.

Hatua ya 7: Mdomo

Tangu 2008 NFL inaruhusu mlinzi mmoja kuwa na spika ndani ya kofia, anayetambulika kwa nukta ya kijani nyuma yake. Kocha anamwambia mpango, sauti inakatwa saa ya kuanzisha mpira ikibakiza sekunde 15, na kuanzia hapo ni yeye na wenzake kumi. Mara nyingi nukta hiyo huvaliwa na lainibaka. Vyuo vikubwa viliruhusiwa kuwa na spika kuanzia 2024.

Kwa hiyo sekunde kumi kabla ya snapu ni sehemu ya mtihani. Nani anageuka na kupaza sauti? Nani anamsukuma mwenzake wa mbele ahamie pengo jingine? Timu pinzani ikihamisha taitiendi dakika ya mwisho, mikono ya nani inapanda? Zima sauti ya mtangazaji utaliona hili vizuri zaidi. Nimewahi kumpandisha mtu raundi nzima kwa sababu tu wenzake walimtazama kila kitu kilipobadilika, na nimewahi kumshusha mwingine kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiuliza.

Hatua ya 8: Sasa ndiyo ufungue karatasi ya Indianapolis

Mwishoni mwa Februari wachezaji zaidi ya 300 huenda Lucas Oil Stadium kupimwa. Huko wanakuita Kombaini, nasi tulioijua kombaini ya mkoa tukiwa shuleni tujue kwamba hapa hakuna mechi: ni mizani, tepu, saa na madaktari. Ukifungua namba hizi kabla ya video, macho yako yatakuwa yameshanunuliwa.

Yadi 40 ni takriban mita 36 na nusu. Malainibaka wengi huangukia kati ya sekunde 4.5 na 4.8. Mimi naitumia kama mlango tu: aliye chini ya 4.7 amepita, na sihesabu tena. Zaidi ya hapo nauliza kama macho yake yanamlipia deni. Nathamini zaidi yadi 10 za mwanzo na lile zoezi la kwenda yadi 5, kurudi 10, kurudi 5, maana linaiga kazi yake halisi. Kunyanyua kilo 102 mara nyingi hakunisisimui. Majaribio ya vyuoni mwezi Machi yapokee kwa tahadhari, kwani saa ya nyumbani ina huruma.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hapa methali inasomeka neno kwa neno. Aaron Curry wa Wake Forest aliitwa wa 4 na Seattle mwaka 2009 akisifiwa kwamba ndiye chaguo lisilo na hatari katika drafti ile. Namba zake zote zilikuwa safi. Mwaka 2011 Seattle walishampeleka Oakland. Na urefu je? Sam Mills alikuwa na sentimita 175, hakuitwa na mtu, na mwaka 2022 aliingia jumba la heshima. Zach Thomas alikuwa na sentimita 180, akaitwa wa 154 mwaka 1996, akamfuata Mills jumbani mwaka 2023. London Fletcher, mfupi kama wao na asiyeitwa, alicheza misimu 16 bila kukosa hata mechi moja.

Hatua ya 9: Goti, umri na vyuo vitatu

Taarifa za madaktari hatuzioni, na hapo timu zitatuzidi daima. Unachoweza ni kuorodhesha mechi alizokosa na sababu iliyotangazwa. Jaylon Smith wa Notre Dame alikuwa anatarajiwa kuitwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa. Tarehe 1 Januari 2016 goti lake lilipinda kwenye mechi ya mwisho na mshipa wa fahamu ukaumia. Dallas walimwita wa 34 na hakucheza msimu mzima wa kwanza. Goti lililopasuka kano moja ni habari moja. Neva iliyoumia ni habari nyingine. Shingo naiogopa zaidi ya goti.

Umri usiupuuze. Kijana wa miaka 21 anayekosea na jibaba la 24 linalowaonea watoto wa miaka 19 si sawa, hata takwimu zikilingana. Na siku hizi wachezaji huhama vyuo kwa urahisi. Ukiona vyuo vitatu, jua amefundishwa lugha tatu za ulinzi. Angalia alisomaje mchezo mwezi wa kwanza kila alipohamia.

Hatua ya 10: Andika sentensi, usiandike alama

Alama ya 7.5 haimsaidii mtu. Ripoti yangu ina sentensi tatu: mwaka wa kwanza atafanya kazi gani, mwaka wa tatu atakuwa nani mambo yakienda sawa, na kitu gani kitamkwamisha. Mfano, bila jina: "Mwaka wa kwanza atakimbiza mateke na kuingia dauni za kwanza na za pili. Mwaka wa tatu anaweza kuvaa nukta ya kijani, kwa kuwa anasoma magadi kuliko wote niliowaona mwaka huu. Kitakachomkwamisha ni nyonga, akikabidhiwa mbeba mpira mwepesi peke yake." Ukisha kuandika hivyo, raundi inajitokeza yenyewe. Huyo ni wa raundi ya tatu. Usimdharau, malainibaka wengi wa raundi hiyo huanzia kwenye timu za mateke, zinazoingia mpira unapopigwa kwa mguu, kwa hiyo tazama pia kama chuoni aliwahi kukimbiza mateke au alijiona mkubwa mno.

Usiku wenyewe huanza Alhamisi saa mbili usiku kule, kwetu saa tisa usiku kuamkia Ijumaa. Weka chai kwenye chupa. Kila lainibaka akiitwa, andika namba na timu, kisha jiulize timu hiyo itamtumia kwa kazi uliyoiandika au nyingine. Mwaka 2020 nilimpa Isaiah Simmons wa Clemson nafasi ya kwanza kabisa katika daftari langu. Alikuwa amekimbia 4.39, chuoni alicheza beki, lainibaka na mkimbiza kwotabeki, nami nikaandika kwa wino mwekundu kwamba atacheza popote. Arizona Cardinals walimwita wa 8, na Agosti 2023 wakamwachia New York Giants kwa chaguo moja la raundi ya saba. Niliporudi kwenye kurasa zake nilikuta maduara kila mahali, ya mkono wangu mwenyewe, na pembeni nimeandika "kasi itafidia".